Wamefunga gasketi mpya, gari bado linachemsha: je, ninunue injini?

SWALI: "Habari za kazi fundi. Nina Toyota Premio ya mwaka 2004, injini 1NZ, naishi Kimara, Dar es Salaam. Mwezi wa tatu ilichemsha kwenye foleni nikitoka kazini. Fundi wa gereji ya mtaani kwetu akatoa termostati akaitupa, akasema nchi zetu za joto haina kazi. Akajaza maji, ikatulia. Mwezi wa sita nikaenda msibani Iringa, ikachemsha tena kwenye mlima Kitonga, mshale ukafika juu kabisa, nikasogea nayo kidogo mpaka nikapata pa kuegesha. Niliporudi akasema ni gasketi ya silinda hedi. Gasketi nikanunua mwenyewe Kariakoo, ufundi nikalipa laki mbili na nusu. Aliianza asubuhi, jioni nikakabidhiwa. Baada ya wiki mbili shida imerudi: maji yanapungua na sioni yanapovujia, asubuhi inatoa moshi mweupe, hozi ya juu ya rejeta inakuwa ngumu sana, na kwenye chupa ya akiba kuna mapovu. Sasa anasema injini imekufa, nitafute milioni mbili tununue nyingine. Nikimdai hela ya ufundi anasema gasketi aliifunga vizuri, injini ndiyo mbovu. Mume wangu yuko safarini na naona wananichukulia kama mwanamke asiyejua gari. Je, kweli injini imekufa? Na hela yangu inakuwaje?"

JIBU: Dada yangu, pole na usumbufu, na pole na msiba.

Nianze na hiyo milioni mbili, maana ndiyo inayokuharakisha. Katika yote uliyoandika hakuna hata moja linalothibitisha kwamba injini imekufa. Yapo yanayoonyesha kwamba gesi ya kwenye silinda inapenya na kuingia kwenye njia za maji. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Inawezekana injini imeharibika kweli, mimi sijaiona. Ila fundi wako, ambaye anayo mbele yake, naye hajaipima. Hakuna mahali umesema alipima mbano wa silinda (nguvu ya silinda kubana hewa), au aliweka rula kwenye hedi, au alipima kama kuna gesi kwenye rejeta. Amesikiliza, ameangalia, amekisia. Na kila alipokisia, wewe ndiye uliyelipa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi kuliko maelezo yake: usitoe hela ya hatua inayofuata mpaka hatua iliyopita iwe imepimwa. Sasa nikueleze kwa nini, ili ukienda gereji uwe unajua unachoulizia.

Silinda hedi ni kile kipande cha juu cha injini, kinachokaa juu ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Katikati yao ndipo inapolala gasketi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu vinavyopita karibu karibu sana: moto wa kwenye silinda, maji ya kupoza, na oili. Mafuta yanapolipuka ndani ya silinda, shinikizo hupanda mara makumi kuliko hewa ya kawaida. Upande wa maji, mfuniko wa rejeta unaruhusu shinikizo la kama baa moja tu, yaani karibu sawa na la hewa ya kawaida. Pakitokea upenyo mdogo kati ya hivyo viwili, mwenye nguvu ndiye anayesukuma, na mwenye nguvu ni gesi ya silinda.

Sasa zichukue dalili zako nne uone zinavyoshikana. Gesi ikiingia kwenye maji, unaona mapovu kwenye chupa. Ikijazana humo, hozi inakuwa ngumu. Ikizidi, inasukuma maji kutoka rejeta kwenda kwenye chupa na kumwagika nje barabarani, ndiyo maana yanapungua na huoni yanapovujia. Halafu ukizima gari, mambo yanageuka. Silinda haina tena shinikizo, lakini maji ya moto bado yanalo, kwa hiyo yanachuruzika polepole kuingia kwenye silinda. Asubuhi ukiwasha, yanachemshwa na kutoka kwenye egzosti kama moshi mweupe. Ungekuwa unaishi Makete au Njombe ningekwambia usiutegemee sana huo moshi, kwa sababu asubuhi ya baridi hata gari lisilo na ubovu hutoa mvuke. Kimara si hivyo. Moshi mweupe mzito unaoendelea dakika kadhaa, kwa joto la Dar, ni maji yanayogeuka mvuke ndani ya silinda.

Ona pia mpangilio wake: gari lako linachemsha kwa sababu maji yametoka, na maji yametoka kwa sababu gesi imeyasukuma. Mtu akikwambia ujaze maji kila asubuhi na uendelee na safari, anakuhudumia matokeo tu.

Turudi nyuma mpaka kwenye foleni ile ya mwezi wa tatu, maana naamini kosa la kwanza liko pale na hakuna aliyelitafuta.

Gari likichemsha kwenye foleni, halafu likitembea barabara nyeupe linapoa, cha kwanza kuangalia ni feni. Ukiwa mwendo wa 80, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta wenyewe. Ukiwa umesimama Ubungo nyuma ya daladala, hakuna upepo, kuna feni tu. Premio yako ina feni ya umeme, na kipimo chake hakihitaji fundi: washa injini, washa kiyoyozi, nenda mbele usikilize. Feni inatakiwa ianze kuzunguka ndani ya muda mfupi. Isipozunguka, tatizo linaweza kuwa fyuzi, rilei, waya au mota ya feni yenyewe, na hivyo vyote ni vya bei ndogo ukilinganisha na ulichokwisha kutoa. Zaidi ya feni kuna mfuniko wa rejeta uliolegea springi, rejeta iliyoziba kwa vumbi nje au kutu ndani, na hozi inayovuja taratibu. Yote hayo yanaangaliwa kabla mtu hajagusa boliti hata moja ya injini.

Fundi wako hakuangalia. Alitoa termostati.

Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu hili la "nchi za joto haihitajiki" limeenea mno, na wanaolisema si mafundi wabaya wote. Wengine wamerithishwa hivyo. Termostati ni mlango mdogo wenye nta ndani. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto haraka. Yakifika karibu nyuzi 82 mlango unaanza kufunguka na maji yanapita kwenye rejeta. Kama joto la hewa ya nje lingekuwa sababu ya kuitoa, basi Toyota zinazouzwa mpya Oman na Dubai, ambako kiangazi hupita nyuzi 45, zingekuja bila termostati. Zinakuja nazo.

Na kwenye injini kama yako ina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Nyuma yake kuna kisahani kinachofunga njia ya mkato, ile inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Injini ikipata moto, mlango wa rejeta unafunguka na wakati huo huo kisahani kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa termostati yote, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Maji mengine yanaendelea kuzunguka na moto wake bila kupozwa. Mjini unaweza usilione hilo. Panda Kitonga, gari limejaa watu, kiyoyozi kimewashwa, injini inavuta kwa nguvu, ndipo utalilipa. Nyongeza yake ni kwamba injini isiyofikia joto lake inakunywa mafuta zaidi, kwa sababu kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza imewashwa.

Ilivyotulia ile miezi mitatu isikudanganye. Ilitulia kwa sababu maji yalijazwa na ubovu ukafichika.

Termostati iliyokwama inaweza kweli kuchemsha gari, na fundi akiitoa ukiwa umekwama porini ili ufike mjini, sina ugomvi naye. Ugomvi unaanza pale anapokukabidhi gari hivyo na kusema kazi imekwisha.

Kuhusu Kitonga sitakuficha. Zile dakika ulizosogea na mshale ukiwa juu huenda ndizo zilizopinda hedi. Sikulaumu, kwenye kona zile na malori nyuma yako hakuna mtu mwenye akili timamu anayesimama katikati ya barabara. Ila ujue kwa siku nyingine: mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani mpaka mwisho na upepo wake wote hata kama utatoka jasho, kwa sababu hita inanyonya joto la injini. Ukipata pa kusimama, simama, zima. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, maji yale yana shinikizo na yatakuunguza uso. Wala usimwagie injini maji baridi. Hedi ya aluminiamu inaweza kupasuka.

Sasa tuje kwenye kazi ya gasketi, ambayo ndiyo unayoidai hela.

Hedi ya 1NZ ni ya aluminiamu. Ikizidiwa na joto inapinda, na kupinda kwake jicho halioni. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kwa uso wa chini wa hedi hii ni milimita 0.05. Ndiyo maana hedi ikishatolewa inasafishwa, inawekwa mezani, fundi anaweka rula ya chuma iliyonyooka juu yake: kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari pande zote mbili. Halafu anajaribu kupitisha chini ya rula vile vibati vyembamba vya kupimia, fila geji. Kibati cha 0.05 kikipita, hedi imepinda. Kwa mwanga mzuri nyuma ya rula utaona hata mwenyewe mstari wa nuru ukitokeza, mara nyingi katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu. Hedi hiyo inakwenda kupigwa plani, yaani kuchongwa uso mpaka unyooke, kwa wachongaji wenye mashine, na ikiwa huko inapimwa pia kama ina ufa. Uso wa bloku nao unawekewa rula vilevile. Watu wengi husahau bloku.

Ukifunga gasketi mpya, hata ikiwa orijino ya bei kubwa, juu ya hedi iliyopinda, umefunga dirisha jipya kwenye fremu iliyokaa upande. Itakaa wiki mbili tatu, kisha gesi itatafuta njia. Kwa hiyo usijilaumu kwamba labda gasketi uliyonunua Kariakoo ilikuwa feki. Inawezekana, spea feki zipo, lakini mimi ningeanza kuushuku uso wa hedi kabla ya kuishuku gasketi.

Jambo lingine ni boliti. Hedi ya 1NZ inafungwa kwa hatua: kwanza kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, mpaka nyutoni mita 29, kwa mpangilio unaoanzia katikati kwenda pembeni, kisha kila boliti inazungushwa nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Boliti hizi zinavutika kidogo zikifungwa, ndiyo sababu urefu wake hupimwa kabla ya kuzirudisha, na zilizorefuka hubadilishwa. Kwenye gereji nyingi za mtaani utakuta kijana anazifunga kwa spana na bomba refu, anavuta mpaka mkono utosheke. Boliti moja imekaza kupita kiasi, ya jirani imelegea, na gasketi ya katikati yao ndiyo inayoteseka.

Hayo yote yanachukua muda. Na injini yako inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, maana yake kuitoa hedi ni lazima mfuniko wa mbele wa cheni utoke, usafishwe na uzibwe upya, na taimingi ipangwe sawasawa. Ongeza safari ya kwenda kwa mchongaji na kusubiri zamu. Kuanza asubuhi na kukabidhi jioni kunanipa wasiwasi mkubwa. Siwezi kuapa kwamba hedi haikupigwa plani, lakini unaweza kuuliza swali dogo: "Fundi, hedi ilipigwa plani wapi, na risiti yake iko wapi?" Mchongaji hafanyi kazi bure. Kama ilipigwa, fundi alimlipa mtu na anamkumbuka. Kama jibu ni "tuliipiga msasa hapa hapa", umeshajua gari lako lilipoharibikia. Msasa wa mkono unang'arisha, haunyooshi. Muulize pia kama alipaka silikoni juu ya gasketi ya hedi. Fundi anayepaka hivyo mara nyingi hauamini uso anaoufunga.

Kwa hiyo ufanye nini?

Kwanza, usiliendeshe. Hata kwenda sokoni. Chomoa kijiti cha oili, kifute kwenye kitambaa cheupe, uangalie. Angalia na chini ya mfuniko wa kujazia oili. Oili iliyoingiliwa na maji inabadilika ikawa kama chai ya maziwa. Ukiona hivyo usiwashe kabisa, hata kwa kulihamisha, kwa sababu oili ya namna hiyo inakula beringi za krenki na hapo ndipo injini inapokufa kweli. Ute mdogo chini ya mfuniko tu, huku kijitini oili ikiwa safi, unaweza kuwa unyevu wa injini isiyofikia joto lake. Kumbuka huna termostati. Na ukijaribu kuwasha asubuhi injini ikagoma kuzunguka kabisa, usilazimishe stata: huenda maji yamejaa juu ya pistoni.

Pili, tafuta gereji nyingine, si kwa ajili ya kutengeneza bali kwa ajili ya kupima tu. Wavute gari kwa kamba au kwa gari la kubebea. Waambie unataka kulipia kipimo na kupewa majibu, na kazi utaamua baadaye. Vipimo ni viwili vitatu. Cha kwanza ni cha gesi: chupa ndogo yenye dawa ya bluu inawekwa juu ya mdomo wa rejeta, injini ikiwa inaunguruma, hewa ya kwenye rejeta inavutwa kupita kwenye dawa. Kukiwa na gesi iliyoungua, bluu inageuka kuwa njano mbele ya macho yako. Simama hapo uangalie, usisimuliwe. Cha pili ni mbano wa kila silinda, plagi zikiwa zimetolewa: silinda mbili za jirani zikiwa chini na nyingine ziko sawa, gasketi kati yao imeachia. Zote zikiwa chini, hapo ringi na pistoni zinaweza kuhusika. Cha tatu ni kupampu mfumo wa maji kwa mkono injini ikiwa imezimwa na kuona kama shinikizo linashuka.

Majibu hayo ndiyo yatakayoamua. Kama kuna gesi kwenye maji, mbano wa silinda nyingine ni mzuri na oili ni safi, injini yako haijafa. Inatakiwa ifunguliwe upya, ipimwe, hedi ipigwe plani, ifungwe kwa toki renchi, iwekwe termostati mpya, oili na filta vibadilishwe, na mfumo wa maji utolewe hewa. Hilo la hewa wengi hulipuuza: hewa ikibaki imenaswa ndani baada ya kazi, gari linaweza kuchemsha hata kama gasketi imefungwa vizuri. Na badala ya maji ya bomba au ya kisima, weka kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea injini. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi na aluminiamu hazipatani.

Kama hedi ina ufa, bado kuna kutafuta hedi iliyotumika iliyo nzima, ambayo ni nafuu kuliko injini nzima. Kama bloku imepinda, au mbano umeshuka silinda zote, au beringi zimeanza kugonga, hapo nitakuwa wa kwanza kukwambia ununue injini. Kutengeneza kila kitu wakati huo ni kupoteza hela. Lakini injini iliyotumika nayo ni bahati nasibu. Ipimwe mbano kabla hujailipia, upewe siku za majaribio kwa maandishi, na ukumbuke namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko hayo yapelekwe TRA. Na zaidi ya yote: ukiifunga injini mpya kwenye rejeta ile ile, na feni ile ile, na fundi yule yule anayetupa termostati, utachemsha na hiyo pia.

Dawa za kumimina kwenye rejeta ili "zizibe" achana nazo. Zinaziba rejeta.

Sasa hela yako.

Sidhani umeibiwa kwa maana ya mtu kukaa na kupanga kukuibia. Nadhani umefanyiwa kazi na mtu asiye na vifaa vya kupimia na asiyetaka kukiri. Kwako matokeo ni yale yale, lakini namna ya kuongea naye inabadilika. Ukimwita mwizi mbele ya vijana wake, atajitetea mpaka kiama. Nenda na majibu ya vipimo kwenye karatasi. Mwambie: "Fundi, nilikulipa ufundi wa kuondoa tatizo hili, limerudi ndani ya wiki mbili, kipimo kinaonyesha gesi inapita palepale ulipofunga. Nataka moja kati ya mawili: ifunguliwe upya kwa gharama yako ya ufundi, nikiwepo, hedi iende kwa mchongaji nitakayemchagua mimi, au unirudishie hela ya ufundi." Gharama ya plani na ya gasketi nyingine uwe tayari kuibeba, kwa sababu hizo ungelipa hata mara ya kwanza. Ukiongea hivyo, mafundi wengi wanalegea, kwa kuwa hujamvunjia heshima na umemwonyesha unajua unachodai.

Binafsi ningechukua hela kuliko kumrudishia kazi. Asiye na toki renchi wiki iliyopita hatakuwa nayo wiki ijayo. Lakini ukimwona ana nia na bajeti yako ni finyu, simama pale hedi ikitoka na usiondoke kabla rula haijawekwa.

Akikataa yote, usimalizie kwa simu. Mtumie ujumbe wa maandishi ukieleza tarehe, kazi, kiasi na unachotaka, ili ubaki na kumbukumbu. Jumbe za WhatsApp za zamani, miamala ya simu uliyomlipia, picha, vitunze. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti awaite mkae. Ugomvi mwingi wa gereji za mtaani unaishia pale, kwa sababu fundi anaishi na watu wale wale. Pasipopatikana suluhu, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai madogo ya namna hii na hulazimiki kuwa na wakili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), nayo ina sehemu ya kumlinda mlaji. Ila piga hesabu ya muda na nauli: kwa laki mbili na nusu, mimi ningepigania kwa mwenyekiti na kuishia hapo, labda awe amekuharibia kikubwa zaidi.

Jambo moja la kuwa nalo makini: kama gari bado liko kwake, mwambie kwa maandishi asifanye kazi yoyote bila idhini yako. Sheria ya mikataba inampa fundi aliyefanya kazi mliyokubaliana haki ya kulizuia gari mpaka alipwe. Usimwachie nafasi ya kusema mlikubaliana injini ishushwe.

Na hilo la kuonekana mwanamke asiyejua gari. Lipo, sitakwambia halipo. Mume wako akirudi akaenda yeye, huenda sauti zitabadilika kidogo, lakini wanaume nao wanauziwa injini kila siku kwa maneno yale yale. Swali linalowabana wote ni moja: "Umepima kwa nini, na imesoma ngapi?" Fundi aliyepima atakutajia namba bila kufikiri. Asiyepima ataanza kukueleza miaka aliyokaa kwenye kazi.

Kutafuta gereji ya kupimia, usitazame ukubwa wa bango. Uliza kwa simu kabla ya kuvuta gari: mna dawa ya kupima gesi ya gasketi? Mna toki renchi? Hedi mnapeleka wapi kupigwa plani? Majibu matatu ya haraka yanatosha. Kama una ndugu au jirani aliyesomea ufundi magari VETA, mwombe afuatane nawe siku ya kipimo, hata kama yeye hatashika spana. Na popote utakapolipa safari hii, dai risiti ya EFD yenye maelezo ya kazi, na uombe spea zote za zamani zilizotolewa warudishe kwenye mfuko. Termostati yako ya kwanza ingekuwa kwenye mfuko, leo tungeichovya kwenye sufuria ya maji ya moto tukaona kama ilikuwa mbovu au ilikuwa nzima.

Ukipata majibu ya mbano wa silinda nne niandikie namba zote, pamoja na hali ya oili na kama feni inawaka ukiwasha kiyoyozi. Kwa hivyo vitatu nitaweza kukwambia kama hiyo milioni mbili iende kwenye injini au ibaki mfukoni.